Mwenyewe Hajulikani

Ni miye niliandika. Musitafute mutu mwingine, musiseme ni vita, musiseme ni directeur. Ule mwandiko mu registre ya musée ni wangu, na kila mutu aliyesomea kwangu darasa la tatu hapa Bunia anaujua, kwa sababu mbele ya kuwa mutunza vitu nilikuwaka mwalimu. Jina yangu ni Kavira. Watu wananiitaka Madame Kavira, hata wale wanaonizidi miaka.

Musée yetu, nyumba ya kuchungia vitu ya zamani, haikuwa kitu kubwa. Vyumba mbili mu depo ya zamani ya kahawa, mabati juu, nondo ku madirisha. Muzee Ézéchiel ndiye aliianzisha. Alikuwa directeur ya masomo, mukubwa wa shule yetu, na alipotoka kazini akakataa kukaa nyumbani kuhesabu mvi. Alipanda kinga yake, ile baiskeli ya zamani, mpaka Djugu, mpaka Irumu, akiomba watu vitu ya wababu: ngoma, mikuki, vyungu, vibuyu ya maziwa. Kuna siku alirudi na wavu ya kuwindia imetoka pande za Epulu, ameifunga nyuma ya kinga, vumbi imemujaa mpaka ku kope. Miye kazi yangu ilikuwa registre, daftari ya vitu yote. Kila kitu ilikuwa na mustari yake: numero, siku imeingia, ni kitu gani, imetoka wapi, mwenyewe ni nani. Ku mwisho wa mustari kulikuwa nafasi ya kutoka, kama siku moja itatoka, na sababu. Muzee alipenda kutuambia mali bila daftari hupotea bila habari. Alisema ile neno mpaka ikatuchosha.

Halafu vita ikaingia Bunia. Sitaielezea, muliiona ama muliisikia. Ila mwaka wa 2003 watu walianza kutuletea vitu bila kuombwa. Haikuwa zawadi, ilikuwa kuficha. Mutu anakimbia na watoto na sufuria moja, kitu ya babu yake ataiweka wapi? Anatuletea. Na walikuja wa pande zote mbili, mara ingine siku moja, huyu asubui, ule mangaribi. Miye ni Munande, watu wangu wametoka Butembo. Muzee Ézéchiel alikuwa Alur wa Mahagi. Siye wawili hatukuwa wa upande wowote. Ile haikutulinda sana, siye pia tulilala chini ya vitanda, lakini ilitosha watu watuaminie.

Ni hapo tuliweka sheria yetu, na mutu wa mbali hawezi kuielewa. Tuliacha kuandika majina. Wakati ule, hapa kwetu, jina ya mutu ilisema kijiji, kijiji ikasema kabila, na karatasi yenye majina ilikuwa inaua kuliko bunduki. Tuliona watu wenye silaha wanaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba ya jirani, na karatasi mukononi, wanasoma jina moja moja kama mwalimu anayeita wanafunzi. Muzee alirudi ndani, akaniambia polepole, "Kavira, majina utayaweka mu kichwa. Mu kitabu andika mwenyewe hajulikani." Basi nikaandika. Toka numero trente-neuf mpaka numero quatre-vingt-un, vitu quarante-trois, arobaini na tatu, nimeandika ile maneno mbili mara quarante-trois, na mwandiko muzuri. Majina yote nilikuwa nayo, na vijiji yake. Nilikuwa ninayarudilia nikifua nguo, nisiyasahau.

Mama Angélique alikuja ile siku watu walikuwa wanakimbilia kambi ya uwanja wa ndege. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mulimaji wa muhogo na maharagi, kijiji yao iko nyuma ya Iga Barrière, mwendo wa saa moja ku miguu. Alikuwa amebeba kitu mu kikwembe, mugongoni, mahali watu wanabebaka mutoto. Alifungua, ikawa kiti ya mbao ya miguu mitatu, nyeusi juu ya kukaliwa, na ufa mumoja ku ubavu.

Nilimuambia, "Mama, watu wanabeba unga, weye umebeba kiti?"

"Unga itaisha," akasema. "Hii ndiyo shamba yangu."

Akanielezea kwa haraka, amesimama. Babu yake na babu ya jirani yake Mathieu walipigania shamba yenye kuwa katikati ya vijito mbili, mpaka damu ikamwangika. Wakubwa wakasema basi, wakaigawa katikati. Wakaangusha muti uliosimama ku mupaka, na fundi mumoja akachonga viti mbili mu gogo moja. Kila jamaa ikachukua kiti moja. Na wakapatana hivi: siku yoyote neno ya ile shamba itasemwa, mwenye shamba atakuja na kiti yake, ataikalia, ndiyo atasema. Asiyekuwa na kiti atasema akisimama. Na mutu anayesema akisimama ni mugeni, mugeni hana shamba.

"Bila hii, Madame, miye ni mugeni kwetu," akasema.

Nikaandika ku numero soixante-et-un, sitini na moja: kiti ya mbao, miguu mitatu, ufa mumoja, mwenyewe hajulikani. Hakujua kusoma. Aliangalia kalamu inatembea, akaniuliza kama nimeandika jina yake. Nikamuonyesha kichwa yangu na kidole, nikasema, "Iko hapa." Alicheka kidogo, akafunga kikwembe ile tupu kiunoni, akaenda.

Muzee Ézéchiel alikufa mwaka wa 2006, sukari ilimumaliza. Kutoka ile siku majina yalibaki mu kichwa moja tu. Ningeweza kuyaandika. Vita ilikuwa imepunguka, nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, nilikuwa na meza. Kila mwaka nilisema, bado, tungojee amani ikomae. Nilikuwa muoga na nikauita ule uoga hekima.

Halafu ikaja ile kitu wanaiita amani. Pikipiki zikajaa mu njia, magari nyeupe ya mashirika yakajaa, nyumba za ku boulevard zikapakwa rangi. Watu wakasalimiana ku soko kama zamani, sawa, lakini mutu akikuuliza unatoka wapi, unaangalia kwanza nani amesimama karibu. Shirika moja ikakubali kututengenezea paa, na ikaomba musée iwe na sheria ya maandishi: kitu gani inaweza kuingia, kitu gani inapashwa kutoka, nani anakubali. Wakati ule tulikuwa tumepata directeur mupya, Anaclet, kijana mwenye kusoma Kisangani. Si mutu mubaya. Mpaka leo siwezi kusema ni mutu mubaya, na ile inaniudhi, juu ningependa kuwa na mutu wa kutukana.

Anaclet alituelezea vizuri. Musée isipojua kitu imetoka kwa nani, haiwezi kuonyesha kama haikuiiba. Na kitu inayokuliwa na vidudu itaambukiza zingine. Kwa hiyo kitu yenye haina mwenyewe na imeharibika, itoke. Zenye ziko nzima zipewe mashule, zilizooza zichomwe, na kila kutoka iandikwe. Mahali pengine, ile ni sheria nzuri sana. Ningekuwa ninaishi mahali pengine ningeipigia mikono.

Kamati ikakaa siku ya Alhamisi, mwaka wa 2009. Tulikuwa watu watano ku meza: Anaclet, mama mumoja wa komini, katekista, miye, na kijana anaitwa Dady, aliyetumwa na vijana wa pande za Djugu. Dady alijitambulisha, akasema yeye ni mutoto wa Muzee Mathieu wa nyuma ya Iga Barrière. Ile jina niliijua. Muzee Mathieu ndiye jirani, ndiye mwenye ile kiti ya pili.

Vitu quarante-trois vilipangwa chini, ku mukeka. Anaclet akanigeukia na heshima yote.

"Madame Kavira, weye ndiwe mukubwa wa hii nyumba. Hii mistari yote inasema mwenyewe hajulikani. Kuna mutu anajua wenyewe?"

Niliangalia meza, nikahesabu: huyu wa wapi, huyu wa wapi. Miaka sita ilikuwa imepita na nilihesabu vile nilikuwa ninahesabu wakati wa risasi.

"Madame?" akauliza tena.

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

Mutaniuliza juu ya nini. Niliogopa kutaja jina ya Mama Angélique mbele ya mutoto wa Mathieu, wasije wakamufuata. Pia miaka sita sikuwa nimesikia habari yake, nilizania amekufa. Na contrat yangu ya kazi ilikuwa inaisha ku mwisho wa mwezi, sikutaka directeur ajue kama miaka yote nilikuwa ninaandika uongo mu kitabu ya musée. Ni yote tatu. Musinichagulie ile nzuri.

Wakapitisha vitu moja moja. Numero soixante-et-un ilipofika, Anaclet akaigonga, unga ya vidudu ikaanguka ku mukeka. Dady akaomba aione. Akaipindua miguu juu, akapitisha kidole mu ule ufa, polepole, akaiweka chini.

"Hii imeoza," akasema. "Ichomwe."

Mikono ikapanda. Wangu pia ulipanda. Nikaandika mu nafasi ya kutoka, mwandiko muzuri: imechomwa, imekuliwa na vidudu, haina mwenyewe. Nikaweka signature, sahihi yangu. Siku ya posho, kesho kutwa yake, wakaichoma nyuma ya depo pamoja na zingine kumi na moja, na sentinelle, mulinzi wetu, akapikia maharagi yake ku makaa. Nilikula nayo pia, aliniletea sahani na sikukataa.

Miezi kumi haikuisha, Mama Angélique akashuka ku pikipiki mbele ya mulango. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, lakini nilimujua hata mbele hajasema. Alikuwa na kuku mukononi, amefungwa miguu, wa kunishukuru. Alikaa miaka yote ngambo ya ziwa, Uganda, na sasa amerudi.

"Madame, nimekuja kutwaa kiti yangu," akasema. "Jumanne ijayo baraza itakaa Iga, ya mashamba ya watu wenye kurudi. Watoto wa Mathieu wamelima mpaka ku kijito ya pili. Lakini nikikaa ku kiti yangu, watanifanya nini?"

Nilimuomba akae. Akakaa. Nikamuambia yote, bila kuzunguka. Hakulia. Kuku alikuwa anapiga mabawa chini ya benchi na yeye anamuangalia.

"Nani alichoma?" akauliza.

"Siye."

"Siye ni nani?"

"Ni miye, mama."

Nilifikiri ataniwekea laana, na kweli ningeipokea, ningepumua. Lakini alisema tu, "Basi utakuja Jumanne. Utakuja na kitabu."

Nikamuambia kitabu haina jina yake.

"Kinywa yako iko na jina yangu," akasema. "Uliniambia iko mu kichwa. Itoe."

Jumanne nilienda Iga Barrière na registre mu sakosi, mukoba wangu. Baraza ilikaa mu hangar ya soko, siku isiyokuwa ya soko, na watu walijaa mpaka inje. Kulikuwa muzee anayeongoza, na sekretere wake na karatasi zake. Muzee Mathieu alifika na kiti yake chini ya kwapa. Aliiweka chini, akaikalia, akaweka mikono ku magoti. Ilikuwa ileile: miguu mitatu, mbao ya rangi moja, nyeusi pahali pamoja. Dady alisimama nyuma ya baba yake. Mama Angélique alisimama katikati. Mutu alimuletea kiti ya plastiki, na mwenye kuongoza akasema hapana, tufuate mapatano ya wababu.

Mathieu alisema na sauti ya upole. Alikuwa muzee wa adabu, tatizo ni hapo.

"Miye sina neno na huyu mama. Tulikulia pamoja. Lakini wababu walisema mwenye kiti anakaa. Yangu ndiyo hii. Yake iko wapi?"

Hapo nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote jina yake yote, jina ya baba yake, jina ya kijiji, siku aliyokuja, kikwembe aliyoibebea, ufa ku ubavu. Nilisema vile ningesema ile siku ya kamati, na kila neno ilinitoka vizuri, juu nilikuwa nimeirudilia miaka saba. Kuna mama mumoja alianza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikafikiri Mungu ameniachilia kosa yangu.

Sekretere akanyoosha mukono, akaomba kitabu. Akatafuta mustari, akasoma kwa sauti.

"Soixante-et-un. Kiti ya mbao, miguu mitatu, ufa mumoja. Mwenyewe hajulikani. Imechomwa, imekuliwa na vidudu, haina mwenyewe." Akainua macho. "Madame, huu mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Wakati uliandika, ulijua mwenyewe?"

"Nilijua. Ilikuwa vita, tulificha majina."

"Sawa. Na mwaka jana, ilikuwa vita?"

"Hapana."

"Mbele ya kuichoma, walikuuliza kama unajua mwenyewe?"

"Waliniuliza."

"Ulijibu nini?"

Dady akajibu pahali yangu, bila kiburi, kama mutu anayesaidia.

"Alisema hapana, hakuna. Nilikuwa pale. Waliuliza mara mbili."

Niliangalia ile kiti chini ya Muzee Mathieu, halafu nikaangalia Dady, na nikakumbuka kidole yake mu ufa. Huyu kijana amezaliwa mu nyumba yenye ile kiti ingine, amejifunzia kusimama akiishika. Alijua yenye alikuwa nayo mukononi tangu aliipindua. Ku meza ya watu watano nilificha jina juu ya mutu mumoja, na ule mumoja peke yake ndiye alijua. Nilisema kwa nguvu, "Weye ulijua." Mwenye kuongoza akaniambia, "Madame, kaa. Umesema mara mbili, na maneno yako yanapigana. Siye tutafuata karatasi." Muzee Ézéchiel alisema mali bila daftari hupotea. Yetu ilipotea na daftari, na numero, na signature.

Waliamua mbele ya saa sita. Shamba iko ya jamaa ya Mathieu, kijito mpaka kijito. Mama Angélique, kwa kuwa ni mutu wanayemujua, anaweza kuomba pahali pa kulima, kama mugeni. Na Muzee Mathieu, palepale, mbele ya watu, akamupa kipande ku maji, pahali muhogo inaoza. Watu wakamupigia mikono juu ya wema wake. Sekretere akaandika kama mama amekubali na hakuna neno tena.

Nilimufuata mpaka ku njia kubwa. Alikuwa anangojea pikipiki, kikwembe imefungwa kiunoni. Malori ya Mongbwalu yalikuwa yanapita na vumbi yake, na siye wawili tukafunika pua. Nilitafuta neno. Nikamuambia nitarudi Bunia leo leo, nitafungua kitabu, nitaandika jina yake ku ule mustari, na majina ingine yote quarante-deux, na directeur anifukuze kama anataka.

"Uandike ku nini?" akaniuliza. "Ku majivu?"

"Mama, nilitaka kukuchunga."

"Ninajua."

Pikipiki ikasimama. Akapanda, akajipanga ku kiti ya nyuma, akavuta kikwembe ku magoti. Halafu akaniangalia, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Wale walichoma nyumba yangu, Madame, walijua ni ya Angélique. Ndiyo sababu waliichoma. Weye peke yako uliandika kiti yangu kama haina mutu."